Shule Zinafunguliwa, Simu Si Yangu Tena

Likizo ikibaki kidogo kwisha, nyumba hii hugeuka kambi ya mazoezi. Mama watoto hupita akitangaza kwamba watoto wamesahau kila kitu, na safari hii hatutaki aibu. Hapo simu yangu hutwaliwa. Yake, anasema, ina kazi.

Kwenye kusahau simpingi. Yule Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: tunachojifunza hututoka mbio mwanzoni, halafu kasi inapungua, na dawa ni kurudiarudia kwa kupisha muda. Mwanangu wa darasa la tatu hajawahi kumsikia mzee huyo, lakini kanuni zake anazitekeleza bila kukosea. Jedwali la kuzidisha lilimtoka siku aliyovua sare.

Basi tukapakua apu. Moja ya hesabu, moja ya kusoma, moja ya herufi kwa ajili ya kitinda mimba, na nyingine ambazo mpaka leo sijui zinafundisha nini, ila zina muziki. Nyingi zimeandikwa "bure". Bure yenyewe ni ya siku saba, na unaanza kwa kuweka namba ya kadi ya benki. Mtu anayekupa kitu bure, kadi yako anaitakia nini?

Haki ya mtu nayo isidhulumiwe. Zipo za bure kweli, hazina hata matangazo. Khan Academy ni mojawapo. Mwenyewe, Salman Khan, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu akiwa mbali, na mwaka 2008 ikawa shirika lisilotafuta faida. Nilipolitaja jina hilo sebuleni, mama mkwe akaja mbio akiwa na miwani yake mkononi. Nikamweleza kuwa huyu siye yule wa sinema za Kihindi, huyu ni wa kugawanya na kuzidisha. Akakaa hivyohivyo. Akasema atasubiri, huenda akaimba.

Sasa njoo nikuonyeshe elimu inavyoingia. Swali linatokea: 23 toa 8. Chini kuna majibu manne. Bwana mdogo anagusa la kwanza, simu inasema kwa upole, "Karibu upate!" Anagusa la pili, "Jaribu tena, bingwa!" La tatu, tarumbeta, maua yanamwagika, nyota inaruka na kutua kwenye kapu lake. Ana mamia ya nyota huyu. Nikachukua karatasi na penseli nikamwandikia swali lilelile. Akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili, akaniuliza, "Baba, majibu ya kuchagua yako wapi?"

Kuna kuzidisha anakokujua lakini. Apu ile imeweka kizuizi kwenye mipangilio ili watoto wasiingie: "Sehemu hii ni ya watu wazima. 7 × 8 ni ngapi?" Mimi nikiwa bado natafuta vidole, yeye kashaandika 56 na yuko ndani, anaongeza muda wa kuchezea. Nilifurahi, sikufichi. Nikamuuliza 7 × 6, akatazama dari. Hiyo haifungui kitu.

Na kitinda mimba wa miaka mitatu naye amo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wake asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa yake moja huimaliza kabla sijavaa viatu vya kazini. Ya pili hudaiwa kwa kilio, na kilio hicho shirika halikukiandikia mwongozo.

Mimi mateso yangu nayapata kazini. Simu nakabidhiwa asubuhi ikiwa na chaji ya kuombea, halafu katikati ya kikao, bosi akieleza kwa nini mishahara itachelewa, mfuko wangu unapaza sauti ya katuni: "Hongera! Leo umeijua herufi B!" Kimya. Bosi akanitazama, akasema, "Hongera."

Na hayo yote ni maandalizi ya shule ipi? Shule ni kuamka giza halijaisha. Ni kukaa kwenye dawati kipindi kizima, kushika penseli mpaka kidole kiume, kumsikiliza mwalimu asiye na kitufe cha kumrusha mbele. Nikimshika bwana mdogo nikakaa naye, nikamwambia nieleze umelipataje jibu, hapo naona kitu kinaingia. Lakini nikikaa naye, apu nimeiweka ya nini? Si bora nimfundishe mwenyewe? Mama watoto husema ndiyo, bora, na huondoka kabla sijageuza maneno.

Juzi ikaja ripoti ya wiki. Eti mwanao ni hodari, amemaliza sehemu zote, sasa anaingia kwenye desimali. Nikaisoma kwa sauti, kifua mbele. Kisha nikaona muda wa masomo: saa nne hadi saa sita usiku. Saa hizo bwana mdogo hukoroma.

Nikanyata mpaka chumba cha mama mkwe. Mwanga wa simu ulikuwa umemulika miwani. Nikamwomba kwa adabu zote, mama, naomba simu nipige mara moja tu. Akaninyooshea kidole nisubiri, bila kuinua macho.

"Nina nyota moja tu imebaki, baba. Kaa hapo, na usinitajie jibu."