Kabla ya kuuliza kisiwa kitupu ni cha nani

Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, visiwa vya Heard na McDonald navyo vilikuwemo kwenye orodha. Ni visiwa vya Australia, huko kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na havikaliwi na mtu hata mmoja. Huko huishi pengwini na sili. Vikapangiwa asilimia 10. Vijana waliokuwa wakigeuza dagaa juani pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, waliisoma habari hiyo kwenye simu, wakacheka sana. Kicheko kilipotulia, mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, kisiwa kisicho na mtu kinakuwaje cha mtu?"

Siku ile nilimjibu kwa mkato, kwamba ni mambo ya mikataba. Jibu halikunitosha mimi mwenyewe.

Tuanze na thamani, maana hakuna serikali inayopeleka meli na askari kulinda mchanga mtupu. Thamani iko majini. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, nchi yenye pwani ina haki ya samaki, mafuta na gesi hadi maili 200 za baharini, karibu kilomita 370 kutoka ufukweni. Sasa tazama Tromelin, kisiwa kinachoshikiliwa na Ufaransa kiasi cha kilomita 450 mashariki mwa Madagaska. Ni bapa la mchanga na matumbawe lenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba. Mtu mzima anakizunguka kwa miguu asubuhi moja na chai akainywa bado ya moto. Lakini bahari kinayoipatia Ufaransa inakaribia kilomita za mraba 280,000. Unganisha mkoa wa Kigoma na wa Tabora, kisha zidisha mara mbili, na bado hujaifikia.

Mkataba huohuo lakini una kifungu cha 121, kinachosema kwamba mwamba usioweza kubeba maisha ya watu wala uchumi wake wenyewe haupewi ukanda huo wa maili 200. Mwaka 2016 baraza la usuluhishi lililosikiliza kesi ya Ufilipino dhidi ya China lilikisoma kifungu hicho kwa ukali: askari na watumishi wanaoletewa kila kitu kutoka nje hawakigeuzi kisiwa kuwa mahali pa kuishi. Kwa kipimo hicho sioni Tromelin, yenye wafanyakazi wachache wanaopokezana zamu, inavyoweza kudai bahari yote ile. Na tusidhani sheria hii ni ya wengine tu. Jaji Joseph Warioba wetu alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg.

Hata hivyo, wanaovishikilia visiwa hivi wana hoja, na mtu wa Kigoma ana sababu ya kuisikiliza. Sisi tunajua ziwa lisilolindwa linavyokuwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Karabai zikazimwa, vipe vikalala mchangani, nyumba nyingi zikabana matumizi. Tulivumilia kwa sababu tuliona dagaa na migebuka wakipungua. Bahari ya kusini nayo ina wezi wake. Agosti 2003 meli ya doria ya Australia iliikuta meli iitwayo Viarsa 1 karibu na Heard, ikishukiwa kuvua samaki wa bei kubwa wa maji baridi bila kibali. Iliifukuza siku 21, katikati ya barafu na mawimbi, hadi ikaikamata upande wa Atlantiki. Pasingekuwa na nchi inayosema "hapa ni kwangu", nani angegharimia doria ya namna hiyo?

Huko South Georgia, kisiwa cha Uingereza kisicho na wakazi wa kudumu, panya walioletwa na meli za wawinda sili na nyangumi walikuwa wakila mayai na makinda ya ndege. Kazi ya kuwaangamiza kwa sumu iliyomwagwa kwa helikopta ilichukua miaka, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Hata Tromelin yenyewe ina kituo cha hali ya hewa tangu 1954, na taarifa zake za vimbunga zinaokoa watu Madagaska na Morisi. Hayo ni mema, nami siyabezi.

Lakini neno "kitupu" linaficha habari, na habari ya Tromelin ndiyo inayoniuma kuliko zote. Julai 1761 meli ya Kifaransa L'Utile iligonga mwamba pale ikiwa imebeba Wamalagasi waliokuwa wakipelekwa utumwani kwa magendo. Mabaharia wakaunda chombo kutokana na mabaki, wakaondoka, wakiahidi kurudi. Wakawaacha watumwa kati ya 60 na 80. Meli iliyowachukua ilifika Novemba 1776, miaka 15 baadaye, ikakuta wanawake saba na mtoto wa miezi minane. Waakiolojia wamefukua pale kuta za matumbawe walizojijengea, na bakuli za shaba zilizozibwa viraka vya shaba kwa ribiti, kiraka juu ya kiraka. Walikula kasa na ndege, wakajifuma nguo za manyoya, wakalinda moto usizimike. Sisi ambao miembe ya Ujiji bado inaonyesha njia ya misafara, tukiambiwa kisiwa hicho hakikuwahi kuwa na watu, tuna haki ya kukataa.

Halafu kuna visiwa vilivyokatwa. Aprili 1960, chini ya miezi mitatu kabla ya Madagaska kupata uhuru, Ufaransa iliviondoa Glorieuses, Juan de Nova, Europa na Bassas da India katika utawala wa Madagaska. Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka ianze mazungumzo ya kuvirudisha. Bado inavyo. Uingereza nayo ilivitenga visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, kutoka Morisi mwaka 1965, kisha kati ya 1968 na 1973 ikawaondoa wenyeji wote ili Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote huko, iwe kambi ya jeshi la Marekani. Mwaka 2010 bahari ya Chagos ikatangazwa hifadhi, uvuvi ukapigwa marufuku. Kwa macho ya samaki ni jambo jema. Kwa mvuvi wa Kichagosi aliyetupwa Port Louis, mji mkuu wa Morisi, ni kufuli la pili kwenye mlango uleule.

Hapo ndipo ninapofikiria Mahale, milima ya kando ya Ziwa Tanganyika letu. Watongwe waliishi humo kabla ya kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, na mwaka 1985 ikawa hifadhi ya taifa. Sokwe wamenufaika, nchi imenufaika, na mimi ningesikitika hifadhi ile ikivunjwa. Lakini mzee mmoja wa Kitongwe aliwahi kuniambia kwamba kaburi la babu yake liko ndani ya mpaka, na kwamba wageni huambiwa pale ni pori tangu dunia iumbwe. Alilolitaka lilikuwa dogo: liandikwe kwamba walikuwepo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana siku hizi linaanza na swali lingine: kilikuwaje kitupu? Kama hakikuwahi kukaliwa, kama Heard, anayekilinda vizuri aendelee, ila asijitwalie bahari kubwa kwa jina la mwamba. Kama kilikatwa mkoloni alipokuwa akifunga virago, kirudi, pamoja na kituo chake cha vimbunga na makubaliano ya kukiendesha. Najua Madagaska haina meli za doria kama za Ufaransa. Hilo linazungumzika: Ufaransa na Morisi, ambayo nayo inaidai Tromelin, ziliwahi kukubaliana mwaka 2010 kuisimamia Tromelin kwa pamoja, na bunge la Ufaransa ndilo lililoliacha jambo hilo likafa.

Na kama watu waliondolewa, waulizwe wao kwanza. Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuirudisha Chagos kwa Morisi, Diego Garcia ikikodishwa miaka 99, na Wachagosi wengi walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Miaka mitatu kabla yake, Februari 2022, wachache wao walikuwa wameshuka Peros Banhos, sehemu ya Chagos, bila kusindikizwa na Waingereza. Wakaenda moja kwa moja kwenye magofu ya kanisa lao, wakaanza kufyeka vichaka.