Mwalimu, Ammita Yangu Haisogei

Wiki iliyopita, katika mtihani wa moko wa Fizikia kwa vitendo wa kidato cha nne, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Samahani, mwalimu, ammita yangu haisogei." Nikafanya kile ambacho nimekifanya miaka yote niliyosimamia maabara: nilichomoa waya mmoja, nikampa mwingine, mshale wa ammita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, ukasogea, naye akaendelea kujaza jedwali lake. Jioni, nilipokuwa nikirudisha vifaa kabatini, niliupinda ule waya kwa vidole na kugundua kwamba ulikuwa umekatikia ndani, karibu kabisa na kibanio, ilhali ganda lake la plastiki lilikuwa zima. Nikaona aibu. Mtoto yule alikuwa ameangukiwa na tatizo halisi la umeme mbele ya macho yake, nami nikamwondolea haraka, kama mtu anayemfukuzia mgeni nzi.

Katika mtihani sikuwa na hiari, kwa kuwa alama hutolewa kwa vipimo na grafu, na mtahiniwa hastahili kuadhibiwa kwa ubovu wa vifaa vya shule. Lakini tabia hiyo ya chumba cha mtihani tumeiachia itawale miaka yote minne. Maelekezo ya maandalizi hufika shuleni mapema, walimu huunganisha vifaa na kuvijaribu, kila kibovu huwekwa kando, na mwanafunzi huingia na kukuta dunia ambamo kila kitu kinafanya kazi. Anahitimu akiwa ameitumia Kanuni ya Ohm mara mia, asijue hata mara moja la kufanya pale taa inapokataa kuwaka.

Na la kufanya lipo, tena si muujiza. Chukua saketi ya betri mbili za volti 1.5, swichi, ammita na balbu, zilizofuatana. Swichi imefungwa, balbu haiwaki. Ncha hasi ya voltimita, yaani kipimo cha volti, inabaki kwenye upande hasi wa betri, na ncha chanya inatembezwa kutoka kiungo hadi kiungo: baada ya swichi inasoma volti 3, baada ya ammita inasoma volti 3, na mwisho wa waya unaofuata inasoma sifuri. Basi. Ubovu umo ndani ya waya huo, na mwanafunzi ameupata bila kubahatisha na bila kubadilisha kifaa hata kimoja. Saketi ikiwa ndefu, anaanzia katikati ili kipimo kimoja kimwondolee nusu ya kazi. Mafundi redio wa zamani walilijua hilo vizuri: fundi aligusa kiungo cha kati cha kitufe cha sauti kwa bisibisi, na akisikia mngurumo au mkwaruzo kwenye spika, alijua kwamba kuanzia hapo kwenda kwenye spika redio ni nzima, akageukia upande wa pili. Sisi wenye shahada tunamwita mtu huyo fundi wa mtaani.

Ngoja niseme na aibu yangu ya pili. Mwaka juzi inveta ya chumba cha kompyuta shuleni kwetu, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha kompyuta, ilikuwa ikilia na kujizima kila kompyuta zilipowashwa. Walimu watatu wa Fizikia, mimi nikiwamo, tulipima betri ikiwa haina mzigo, yaani kompyuta zikiwa zimezimwa, tukasoma volti 12.6, tukatangaza kwa fahari kwamba betri ni nzima na inveta imekufa. Inveta mpya ikanunuliwa, nayo ikalia vilevile. Aliyetuokoa ni dereva wa lori lililotuletea mahindi, aliyechungulia, akaona unga mweupe kwenye kichwa cha betri, akasema, "Walimu wangu, moto mnao, ila njia imeziba." Akaomba maji ya moto, msasa na spana. Laiti tungalipima mzigo ukiwapo, kwanza kwenye betri yenyewe na kisha kwenye inveta, tofauti ya volti ingalituonyesha njia ilipoziba.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba darasa la wanafunzi themanini wenye voltimita tano si mahali pepesi pa kufundishia hivi. Nakubali pia kwamba umeme wa ukutani si wa kuchezewa, ndiyo maana nasema betri za volti 1.5. Wanaonijibu kwamba sasa tuna mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, ulioanza mwaka 2024, na kwamba kazi hiyo ni ya huko, wanieleze ni lini daktari au mhasibu alipewa msamaha wa kuharibikiwa na vitu.

Jumatatu niliwapa kidato cha tatu saketi nilizoziharibu kwa makusudi, nikatangaza kwamba alama zote ni za kuandika walipima wapi, walisoma nini, na kwa nini wakaenda hatua iliyofuata. Kwa dakika kumi walinyoosha mikono, sikwenda. Kisha msichana mmoja wa meza ya nyuma akamwambia mwenzake, kwa Kiswahili ambacho huwa tunawakataza maabara, "Hapa moto unafika, hapa haufiki."

Ule waya wa moko sijautupa. Nimeurudisha kwenye boksi pamoja na nyaya nzima, bila alama yoyote.