Mtama mwekundu: ukakasi unaomkera kwelea na kumpunja mtoto

Tafuna punje chache za mtama mwekundu, ule unaopimwa kwa gorogoro sokoni Kibuye, Kisumu. Ulimi unakauka na ufizi unakaza kama umeuma ndizi mbichi. Ni kazi ya tanini kondensi, yaani vipande vya katekini, kemikali ya mimea, vilivyoshikana mnyororo. Hizo hunasa protini za mate, na mdomo ukakosa utelezi.

Mmea haukuziweka pale bure. Kwelea, ndege wadogo wala nafaka, huvamia mtama punje zikiwa bado na maziwa, na wakati huo ukakasi huwakera. Wakiwa na njaa kali watakula tu, lakini penye mtama mweupe jirani, ambao kwa kawaida hauna ukakasi, huanzia huko. Mwaka 2023 walipoishambulia mipunga ya Kisumu, serikali ilinyunyiza fenthioni, sumu inayoua hata ndege wasio na hatia. Aliyepanda mtama mweupe anahitaji mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri, na mara nyingi huyo ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Hilo linaniuma.

Ila tanini zinazonasa mate hunasa pia protini za chakula tumboni, pamoja na madini ya chuma. Mtu mzima anayepata omena na maharage hatapungukiwa sana. Mtoto wa mwaka mmoja anayeshinda kwa uji ni habari nyingine kabisa, na hapo wanaotaka mweupe pekee wana hoja nzito. Watengenezaji bia nao huutaka mweupe, kwa kuwa tanini huzuia vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari.

Hata hivyo siungi mkono kuutupa mwekundu. Shibe yake hukaa, maana wanga wake humeng'enywa polepole; mtu wa jembe analijua hilo. Na jikoni kuna dawa: kuchachusha unga hupunguza ukakasi, ndimu kwenye uji husaidia mwili kupata chuma. Kukoboa huondoa tanini nyingi, japo lishe nyingine huenda na pumba.

Tena rangi hudanganya. Upo mtama mwekundu usio na tanini hata kidogo. Kwaruza punje kwa kisu: ukikuta tabaka la kahawia iliyokolea chini ya ganda, tanini ndizo hizo. Mama anayenunua mtama wa uji wa mwanawe akwaruze punje hapohapo mbele ya muuzaji, aukwepe wenye tabaka hilo. Mwenye shamba kule Ahero, kando ya mpunga, atafute mbegu yenye tabaka hilohilo.