Tathmini ya Huduma za Jamii Huanza na Daftari

Neno tathmini likitajwa katika kikao cha wanaoendesha huduma ya jamii, liwe ni darasa la jioni, ushauri nasaha kwa vijana au matunzo ya wazee, wengi husikia ukaguzi. Hofu hiyo ina chanzo. Mara nyingi tathmini huagizwa na mfadhili, hufanywa na mgeni anayefika mradi ukielekea ukingoni, na ripoti yake husomwa na watu ambao hawajawahi kukaa na mlengwa hata mmoja. Anayesema kwamba saa za kujaza madodoso zingewafaa zaidi wanaosubiri huduma hasemi kwa uvivu.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Campbell, alionya kwamba kadiri kiashiria cha takwimu kinavyotegemewa katika kutoa maamuzi, ndivyo kinavyozidi kuchezewa na kuiharibu kazi kinayoipima. Mpango wa kuwatafutia watu ajira, ukipimwa kwa idadi ya walioajiriwa peke yake, utajifunza upesi kupokea walio rahisi kuajiriwa na kuwaacha mlangoni wenye shida kubwa. (Campbell mwenyewe alikuwa mtetezi wa majaribio ya kijamii, jambo ambalo wanaomnukuu dhidi ya tathmini hulisahau.)

Lakini hoja zote mbili zinaipiga tathmini inayokuja mwishoni, kutoka nje, kwa ajili ya kuhukumu. Mwaka 1967 mwanafalsafa Michael Scriven alikwisha kuitenga tathmini ya kutoa hukumu na ile ya kuiboresha kazi ikiwa bado inaendelea. Hii ya pili ndiyo isiyoeleweka, na ndiyo ambayo kikundi kidogo kinaweza kuianza bila mtaalamu.

Wengi hudhani hawaihitaji kwa sababu watu wao wanashukuru. Hapo ndipo inafaa kuukumbuka mpango ulioanza mwaka 1939 katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliobuniwa na daktari Richard Cabot ili kuwaepusha wavulana na uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana, kisha sarafu ikarushwa: mmoja akaingia katika mpango, mwenzake akabaki nje. Walioingia walitembelewa nyumbani, wakasaidiwa masomo, wakapata matibabu, na wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta, na mwaka 1978 akachapisha alichokiona. Karibu theluthi mbili ya waliosaidiwa waliojibu maswali yake walisema mpango uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, pamoja na majibu yao kwa maswali mengine, zilisema vingine: wahalifu miongoni mwao walikuwa wepesi zaidi kurudia uhalifu kuliko wahalifu wa kundi lililoachwa, na wengi zaidi wa kundi lao walikuwa na dalili za ulevi au walikufa mapema.

Theluthi mbili hiyo inanisumbua kila ninapoirudia. Watu wale hawakudanganya, wala hawakuwa na sababu ya kumpendeza mtu baada ya miaka yote hiyo. Walikumbuka mtu mzima aliyewajali, na kumbukumbu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyeweza kuyaona maisha ambayo angeyaishi bila mpango. Yaliyokaribia kufanana nayo ni maisha ya mwenzake aliyeachwa na sarafu. Shukrani, basi, ni ushahidi wa uhusiano mwema, nayo ni haki ya mlengwa kuitoa, lakini haitoshi kuthibitisha badiliko. Na McCord asingefika popote kama siku ya kwanza mtu hangeandika majina ya makundi yote mawili na kuyatunza.

Kikundi kidogo hakiwezi kurusha sarafu wala kungoja miaka 30. Tena kwa watu 20, tofauti inayoonekana inaweza kuwa bahati tu, na anayejigamba kwa asilimia za idadi hiyo anajidanganya. Linalowezekana ni dogo zaidi. Chukua darasa la watu wazima la kusoma na kuandika: wiki ya kwanza daftari la mahudhurio lina majina 32, wiki ya nane alama za vema zimebaki kwenye majina 11, na dodoso la kuridhika linagawiwa siku ya mwisho kwa hao 11. Hata wote wakisifu, 21 hawajaulizwa. Kama siku ya kwanza kila mmoja angesomeshwa aya moja na kiwango chake kikaandikwa, na anayekosa mara mbili akatafutwa na kuulizwa sababu, mwalimu angejua wiki ya nne kama saa ya darasa ndiyo inayowafukuza, na angeweza kuibadilisha.

Maswali yachaguliwe kwa kipimo hicho hicho: kila jibu liwe na mtu atakayelitumia kuamua jambo, na lisilo na mtumiaji liondolewe kwenye dodoso. Kumtafuta aliyeacha bado ni kazi ya mtu mwenye saa chache, na hapo wapinzani wako sahihi kabisa; mfadhili anayedai matokeo aziweke saa hizo katika bajeti tangu mwanzo.