Hatua za Mtu Mzima

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tangu mwaka 2016 ni siku ya nchi nzima kushika fagio, mimi huamshwa kabla ya jua na kijana wa matangazo anayezungushwa mtaani kwa bajaji, akiwa na kipaza sauti ambacho betri zake huzimika kila anapolifikia neno muhimu. Habari zote za mtaa wetu hupitia kinywani mwake. Siku hiyo ya Septemba alianza na msiba, kwa kuwa msiba hautanguliwi na jambo. Akaja kwenye mbuzi jike mwenye baka jeupe aliyepotea tangu Jumatano. Akakumbusha ada ya taka. Kisha akatangaza kwamba serikali ya mtaa, ikishirikiana na wadau (hawa wadau sijawahi kuonana nao, ingawa nasikia wanashirikiana na kila mtu), imeandaa shindano la bustani za nyumbani, na kwamba mshindi atazawadiwa to-. Betri zikazimika, bajaji ikakata kona. Nusu ya mtaa iliamini ni toyo. Mke wangu alisema ni toroli, na ndiye aliyekuwa sahihi, maana mwanamke huyu husikia hata yale ambayo mimi nimeyawaza tu.

Masharti yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mtaa: bustani iwe safi, iwe na mboga au maua, imwagiliwe bila kuleta madimbwi ya mbu, na iwe ndani ya mipaka halali ya mshiriki. Niliyasoma yote nikiwa nimevaa miwani, nikaona hakuna la kunishinda. Neno "mipaka" nililipita kama mtu anavyompita mbwa aliyelala.

Tunaishi kusini mwa jiji la Dar es Salaam, ukivuka Rangi Tatu ya Mbagala na kuendelea mpaka pale ambapo bodaboda huanza kuongeza nauli bila kuulizwa. Udongo wetu ni kichanga kitupu, ukimwaga ndoo ya maji yanatoweka kabla hujaiweka ndoo chini, na maji ya kisima yana chumvi ya kutosha kuchemshia mihogo. Hata hivyo mimi ni karani mstaafu, nimezoea kazi isiyoleta matokeo. Nilinunua viroba vinane vya samadi ya ng'ombe, nikachimba tuta moja refu ubavuni mwa nyumba, nikachanganya mbegu za mchicha na mchanga mkavu kwa sababu ni ndogo mno kumwagwa peke yake, nikazipanda kwenye vijifereji vya kina cha ukucha, nikafunika kwa nyasi. Baada ya siku chache vikatoka vijichipukizi vyenye wekundu kwa chini. Kila jioni nilimwagilia kwa kopo la maziwa la mtoto lililotobolewa kwa msumari, nikichanganya maji ya kisima na ya kununua kwa dumu, kwa sababu nilipotumia ya kisima peke yake kingo za majani zilikuwa na rangi ya kahawia kama karatasi iliyobabuliwa na moto. Mchicha huwa tayari kuchumwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na mimi nilikuwa ninahesabu siku kama mfungwa.

Wiki ya pili niliporudi kutoka sokoni nikakuta jirani yangu amekata ua wa michongoma uliokuwa kati yetu na anapanda mwingine. Jambo jema, nilidhani, mtu anajipamba kwa ajili ya mashindano. Nilipokaribia nikaona miche yake mipya imepita katikati kabisa ya tuta langu, hata mstari mmoja wa mchicha wangu ukiwa tayari umehamia kwake bila barua ya utambulisho. Nikamwamkia, tukajuliana hali, tukaulizana habari za wajukuu, kisha nikamwuliza kwa upole: "Mzee mwenzangu, huu ua mbona umetembea?" Akanijibu kwa upole uleule kwamba ua haukutembea, bali umerudi nyumbani.

Hapa inanilazimu nieleze jinsi kiwanja hiki kilivyopatikana. Nilikinunua mwaka 1998, na karatasi yangu ya mauziano, iliyochanwa kwenye daftari la mistari na kutiwa saini mbele ya mjumbe na mashahidi wanne, ambao watatu wametangulia mbele ya haki na wa nne haoni vizuri, inasema kwamba eneo ni "hatua ishirini kwa thelathini za mtu mzima kuanzia kwenye mnazi". Mnazi ulikauka 2007. Mtu mzima mwenyewe hakutajwa. Ninachokumbuka ni kwamba muuzaji alikuwa mzee mrefu kama mlingoti, na siku ile ya Ijumaa alikuwa anawahi msikitini, kwa hiyo alinipimia hatua za mtu ambaye adhana imeshamalizika. Jirani yangu alinunua miaka mitatu baadaye, akapimiwa na mdogo wake muuzaji, bwana mfupi, mnene, aliyekuwa anapima huku anakula muwa. Karatasi zetu zinasema kitu kimoja, lakini viwanja vyetu ni vya miguu tofauti, na jirani amekuwa akilibeba jambo hilo moyoni kimyakimya mpaka shindano la bustani lilipompa sababu ya kulitua kwenye mchicha wangu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na sidhani kama kuna hata mmoja wao ambaye hakunipa ushauri wa sheria. Kijiwe cha kahawa kiligeuka mahakama. Muuza kahawa alisema niende polisi nikafungue kesi ya wizi wa mboga. Fundi cherehani alisema nisubiri usiku nikaing'oe ile miche, kisha asubuhi niwe mtu wa kwanza kumpa pole. Bwana mmoja anayecheza drafti, ambaye hajawahi kushinda mchezo hata mmoja, alinivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba jirani akikaa miaka 12 bila kushitakiwa basi ardhi imeondoka, kwa hiyo muda unayoyoma. Nilirudi nyumbani nikihesabu dakika. Usiku nilimpigia kaka yangu kijijini, Muheza, ambaye kila Jumapili hunisomea habari za huko kama taarifa ya redio; akacheka, akasema kwao kuna baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake, wanakaa chini ya mti na jambo linasuluhishwa kabla ya mchana. "Nyie wa mjini mna nini?" akauliza. Nilikuwa na ubao wa matangazo.

Aliyeniokoa ni binti mmoja msaidizi wa kisheria, kati ya wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anayekaa kila Alhamisi kwenye kibaraza cha ofisi ya mtaa na daftari lake, wala hadai senti. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ua utembee. Kisha akasema: "Baba, polisi tuwaache kwanza. Mgogoro wa mpaka unaanzia baraza la kata." Akanieleza kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mtu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuhusu ile miaka 12 alisema ni kweli kwamba mtu anayedai kurejeshewa ardhi ana kikomo hicho, lakini ua wa jirani ulikuwa na siku tisa, kwa hiyo ningeweza hata kulala. Nililala. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikuwa nimepata ushauri ambao ulikuwa mfupi kuliko tatizo lenyewe.

Siku ya baraza jirani alifika na mkwe wake, wakili, amevaa tai na suti katika joto lile la Novemba ambalo hata kunguru hupumzika, na mkoba wa ngozi uliojaa vitabu. Mwenyekiti wa baraza akamsalimu kwa heshima zote, akamwambia kwamba sheria ya mabaraza ya kata haimruhusu wakili kusimama hapo kwa niaba ya mtu. Kijana akaomba basi abaki kama mkwe. Akakubaliwa, akapewa kazi ya kumshikia baba mkwe mwavuli. Nakiri nilifurahi kupita kiasi, na Mama Watoto akanikanyaga mguu.

Wajumbe walikuwa sita, na waliohangaika na jambo letu kwa kweli ni akina mama watatu. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye fimbo, aliposoma zile karatasi mbili aliuliza: "Mtu mzima gani?" Hapakuwa na jibu, kwa hiyo baraza zima likahamia uwanjani kwangu. Mimi nilikuwa nimejiandaa: nilimwita mtoto wa marehemu muuzaji, ambaye amerithi miguu ya baba yake yote miwili. Akasimama mahali ambapo mimi nilisema ndipo ulipokuwa mnazi, akaanza kutembea. Hatua ya ishirini na mbili akaruka ua mpya, ya ishirini na tano akapita jikoni kwa jirani akimwamkia mwenye nyumba, na hatua ya thelathini ikamkuta ameshika mlango wa choo. Ndani mtu akakohoa, kama ilivyo ada. Hata mimi niliona tumefika mbali.

Jirani naye akamleta shangazi yake, bibi wa miaka sabini na ushei, ambaye hakuna mahakama duniani ingemkatalia utu uzima. Bibi alitembea kutoka mahali pale pale, kwa mkongojo, akisimama kila hatua tatu kuvuta pumzi na kuomba maji. Hatua yake ya thelathini iliishia kwenye tangi langu la maji, mita kadhaa kabla hata ya kulifikia tuta. Kwa hesabu hiyo mchicha wote ulikuwa wa jirani, pamoja na dirisha la chumba ninacholala.

Yule mama mwenye fimbo hakusema neno. Aliinama, akaanza kuchokoachokoa udongo kando ya tuta, akiufuata mstari kama mtu anayetafuta pete. Mara fimbo ikagonga kitu kigumu. Akafukua kwa vidole: kilikuwa kisiki cha mchongoma wa zamani, kimekatwa kwa panga lakini kimeshaanza kuchipua vijani viwili. Akasogea, akapata kingine, na kingine, vyote kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo, mbele ya wajumbe sita, mkwe wakili, bibi mwenye mkongojo na kijana wa matangazo ambaye alikuwa ameletwa na umbea, ulipita ndani ya tuta langu kiasi cha kiganja na nusu upande wa jirani. Kumbe siku ile ya kuchimba nilikuwa nimesogea kidogo. Nilieleza kwamba ni kwa sababu ya jua la asubuhi. Mama akaniangalia, akasema, "Ndiyo, baba, jua," na wengine wakageukia pembeni.

Tukasuluhishwa kwa dakika kumi: ua urudi kwenye visiki vyake, jirani ang'oe miche mipya, mimi nichume mchicha uliovuka na kumpelekea fungu, na hatua za mtu mzima ziandikwe upya kwa mita, kwa tepu ya fundi, mbele ya mashahidi wanaoona. Tulitia saini, tukapeana mikono. Mkwe akafunga mwavuli.

Katika shughuli hizo zote hakuna aliyekumbuka kwamba ndiyo siku majaji wa bustani walikuwa wanapita. Walifika kwangu wakati baraza limesimama juu ya tuta, wakaona mchicha umekanyagwa na watu wasiopungua kumi na watano, wakaandika kitu kifupi na kuondoka. Kwa jirani waliandika kifupi zaidi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi bajaji ikapita: msiba hakuna, tumshukuru Mungu, mbuzi jike mwenye baka jeupe, ambaye sasa alikuwa ameongezewa mimba, bado anatafutwa, na mshindi wa bustani ni mama mpangaji wa chumba kimoja nyumba ya tatu kutoka kwangu, mwenye ndoo saba za matembele, bamia na mrehani juu ya kibaraza cha saruji. Hana kiwanja, hana mnazi, hana hata hatua moja ya mtu mzima. Ndoo tano kati ya hizo ni za kwangu, za rangi, nilizompa mwaka jana nilipopaka nyumba.

Toroli alikabidhiwa, jipya, la kijani. Jioni alikuja kwangu kwa adabu zote, akanipigia shikamoo, akaeleza kwamba chumbani halienei na kibarazani limejaa ndoo, hivyo aliomba alihifadhi uwanjani kwangu, na mimi nilitumie nipendavyo. Ningekataa vipi? Nililiegesha ubavuni mwa nyumba, mahali penye kivuli. Asubuhi nilipotoka na kopo langu la kumwagilia nikamkuta jirani amechuchumaa kando ya lile toroli, ameshika tepu, anapima kutoka kwenye kisiki hadi kwenye gurudumu.