Anayepanda Mlima Peke Yake Anamfuata Nani?

Shangazi yangu wa Moshi, ambaye amezeekea chini ya Kilimanjaro bila kuwahi kutamani kufika kileleni, aliponisikia kwenye simu nikisema kwamba Jumamosi ningepanda mlima peke yangu huku Colorado, hakuniuliza habari za baridi wala za wanyama. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, na huko unamfuata nani?" Nilicheka, nikamjibu kuwa simfuati mtu, tukaendelea na habari za migomba. Hata hivyo, swali lake nililibeba hadi mlimani, na haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Kwa mtu wa Moshi swali hilo ni la kawaida kabisa. Utaratibu wa Kilimanjaro haumruhusu mtu kuelekea kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, bila mwongozaji mwenye leseni, na nyuma ya mwongozaji huyo huja wapagazi na mpishi. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya fedha tu. Sikubaliani nao. Ni kweli unalisha familia nyingi, na hilo si jambo dogo, lakini ipo sababu nzito zaidi: ugonjwa wa mwinuko unapofika kwenye ubongo huvuruga akili ileile ambayo mgonjwa angeitumia kutambua kwamba anaumwa, ndiyo maana anayepepesuka huapa kuwa hana neno. Lazima awepo mwingine mwenye mamlaka ya kusema "tunashuka", naye asikilizwe.

Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain ya huku Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1915, haimlazimishi mtu kuwa na mwongozaji. Kwa kuwa hupokea wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, katika miezi ya msongamano hudai kibali cha kuingia kwa saa iliyopangwa, kinachoombwa mapema kwenye intaneti. Ukishapita langoni, mlima ni wako. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo wengi wetu hukosea, kwa kudhani kuwa anayekwenda peke yake hana mwongozaji. Anaye, ila kazi hiyo amejipa mwenyewe, pamoja na ya upagazi na ya upishi. Na katika kazi hizo tatu, ile ya kwanza ndiyo anayoisahau nyumbani.

Mwongozaji wangu alianza kazi Ijumaa usiku, mezani. Aliandika kwenye karatasi jina la njia, saa ya kuanza, saa ya kugeuza popote nitakapokuwa, na saa ambayo, nikiwa sijarudi, simu ipigwe hifadhini. Karatasi hiyo alikabidhiwa jirani yangu, mama wa Bukavu, Kongo, aliyeisoma mara mbili na kuibandika kwenye mlango wa friji yake. Saa ya kugeuza ilikuwa saa 6:00 mchana.

Asubuhi ya mwisho wa Septemba nilianza kupanda saa 2:00 kutoka Bear Lake, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,890, nikielekea Flattop, mlima wa mita 3,756. Ni kilomita 7 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Majira haya huku tunayaita vuli, neno ambalo bado hunichanganya, kwa sababu kwetu vuli ni mvua za kuanzia Oktoba na shamba linalosubiri mbegu, ilhali hapa ni majani yanayojiandaa kuanguka. Nilisimama kwenye miti ya aspeni kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kikonyo cha jani lake ni bapa kama utepe uliosimamishwa kwa ubavu, kwa hiyo hata hewa ambayo shavu halihisi hulitetemesha, na mti mzima hutoa sauti kama ya mvua ya mbali. Kwa kuwa kundi zima la miti huweza kuchipua kutoka kwenye mizizi ileile, kipande kimoja cha mteremko kilikuwa njano tupu wakati jirani yake bado ni kijani, na mpaka kati yao ulionekana kama uliochorwa kwa kalamu. Kama ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye, mvua ile nisingeisikia.

Juu zaidi misonobari ilipungua kimo hadi kunifika kiunoni, ikiwa imelalia upande mmoja kwa kusukumwa na upepo, kisha ikaisha. Kwenye mawe nilikutana na pika. Ndilo jina lake, nami sikulitunga: ni mnyama wa jamii ya sungura, mwenye masikio ya duara, anayetosha kiganjani, na mwenye jina ambalo mama yangu angelisikia kama amri ya jikoni. Pika halali usingizi wa msimu wa baridi, hivyo wakati huu hukusanya majani na kuyalundika chini ya mawe kuwa akiba. Huyu alipita mbele yangu akiwa na mzigo wa nyasi mdomoni uliomzidi upana, akautua, akanipigia kelele kali ya kunifukuza, akarudi kukata mwingine. Nilimtazama kwa dakika ishirini nzima.

Dakika hizo zilinigharimu. Saa 6:00 ilinikuta kwenye nyasi fupi za juu, upepo ukinilazimisha kutembea kama mlevi, na mgongo wa Flattop ukiwa mbele yangu kama mwendo wa nusu saa. Huko juu ndiko maji ya bara yanakogawanyika, ya magharibi yakielekea upande wa Pasifiki na ya mashariki upande wa Atlantiki, nami nilikuwa nimetamani kusimama hapo kwa miaka mingi. Anga lilikuwa safi, bila wingu hata moja. Mpandaji ndani yangu akaanza kujadiliana: mchana bado mrefu, miguu haiumi, na nani atajua? Mwongozaji hakuwa na hoja yoyote ya kumshinda isipokuwa karatasi iliyokuwa kwenye friji. Nilinywa chai ya tangawizi nikiwa nimechuchumaa nyuma ya jiwe, nikala andazi moja, nikageuka. Sikujisikia mwenye busara. Nilijisikia mtu aliyenyang'anywa kitu chake, na hali hiyo ilinifuata hadi nilipofika tena kwenye misonobari, mahali ambapo njia ilikuwa imeshaingia kivulini, na barafu nyembamba ya asubuhi, ambayo sikuwa nimeitilia maanani wakati wa kupanda, ilinifanya nishuke kwa kushikilia matawi.

Jioni nilisimama kando ya barabara ya Moraine Park, uwanda wa nyasi wa hifadhini, kwa kuwa mwezi wa Septemba na Oktoba ni marufuku kukanyaga uwanda huo kuanzia jioni hadi asubuhi, ili elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, waachiwe nafasi yao ya kupandana. Dume mmoja alinyanyua pembe zake zenye matawi, akatoa sauti iliyoanza chini, ikapanda hadi kuwa mluzi, ikaishia kwa mikoromo. Sote tuliokuwa pale tulinyamaza.

Simu ilipopata mtandao nilimwandikia jirani kwamba nimeshuka salama. Alijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Nishatosha karatasi kwa friji. Kuya ukule." Yaani ameshaiondoa karatasi kwenye friji, nije nile. Moshi ilikuwa saa tisa usiku, na shangazi alikuwa amelala.