Al Ain na Buraimi: oasisi ni moja

Ukifungua ramani utaona miji miwili: Al Ain upande wa Umoja wa Falme za Kiarabu, Buraimi upande wa Omani. Kwangu mimi ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka, na kuusimulia kwa nusu nusu ni kuuonea.

Ushahidi wa kwanza ni maji. Mvua inayoilisha oasisi hii hunyesha kwenye milima ya Hajar, mashariki, kisha maji husafiri chini kwa chini kuelekea magharibi. Wahenga wa huko walichimba kisima mama karibu na milima, wakatoboa handaki lenye mteremko mdogo sana hadi mashambani, maji yafike yenyewe bila kuvutwa. Mfereji huo ndio huitwa falaj. Mmoja uliofukuliwa eneo la kale liitwalo Hili, huko Al Ain, una umri wa miaka 3,000 hivi. Maji yake hugawanywa kwa muda: kila mwenye mitende ana zamu yake, na zamani mchana ulipimwa kwa kivuli, usiku kwa nyota. Msimamizi huitwa arif.

Sheikh Zayed bin Sultan, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu, alipokuwa gavana hapo kuanzia 1946 hadi 1966, alifukua mifereji iliyoziba, akavunja utaratibu uliowaacha wenye mali wakihodhi zamu huku wakulima wadogo wakinunua maji. Kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko ngome zote za mji ule, hata Al Jahili ya miaka ya 1890 ambayo kila mgeni huipiga picha.

Mpaka wenyewe ni wa juzi tu. Mwaka 1952 kikosi cha Saudia kiliingia kijiji cha Hamasa, wakati ambapo kila upande ulinusa mafuta chini ya mchanga. Usuluhishi wa kimataifa ukavunjika, na Oktoba 1955 askari walioongozwa na Waingereza wakakiondoa kwa nguvu. Vijiji vya Buraimi, Hamasa na Sa'ara vikabaki vya Omani, vingine vya Abu Dhabi. Saudia na Falme za Kiarabu zilitia saini mkataba wao wa mpaka mwaka 1974. Hata baada ya hapo watu walivuka kwenda sokoni na kwa jamaa zao bila bughudha, mpaka uzio ulipowekwa katika miaka ya 2000.

Sasa tazama urithi ulivyoorodheshwa. UNESCO iliingiza mifereji mitano ya Omani katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hakuna hata mmoja wa Buraimi. Mwaka 2011 ikaingiza Al Ain: makaburi ya mawe ya mlima wa Jebel Hafit yenye miaka kama 5,000, Hili na oasisi sita. Mitende ya ng'ambo ya uzio ikaachwa. Jambo hilo linaniuma kweli. Nenda kule Hili utazame kaburi kubwa la mviringo, juu ya mlango wake wamechongwa watu wawili kati ya choroa wawili. Waliochonga jiwe lile zaidi ya miaka 4,000 iliyopita waliishi katika bonde lote, huku na kule.

Njia ya kuorodhesha kwa pamoja ipo. Duru za mawe za Senegambia ziliorodheshwa mwaka 2006 kwa jina la Senegal na Gambia pamoja. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) yameorodheshwa kwa jina la Zambia na Zimbabwe tangu 1989. Omani na Falme za Kiarabu, zenye ndoa na makabila yaliyochanganyika hivi, zinashindwaje? Na kuna haraka: pampu zimeshusha maji ya ardhini, na mifereji mingi sasa haitiririki bila kusaidiwa na visima. Kisima kikichimbwa upande mmoja, shamba la upande wa pili hukauka. Bila mpango mmoja wa maji, orodha yoyote itakuwa karatasi tu.

Kwa Waswahili wenzetu mlioko Dubai na Abu Dhabi: Al Ain si mbali nanyi, ni saa moja na nusu hivi kwa gari. Mkienda, chukueni hati za kuvukia, mwende na Buraimi pia, mwone ngome ya Al Khandaq na handaki lake la ulinzi. Wageni wakianza kuuliza habari za upande ule, wizara zitalazimika kuwajibu.